Treni ya Dar–Morogoro: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nakaa Kimara, kazi yangu iko Kariakoo, na mama yangu yuko Bigwa, Morogoro. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya miji hii miwili, tarehe 14 Juni 2024, nimegeuka ofisa habari asiye na mshahara. Alhamisi jioni simu ikiita kutoka kwa mtu tuliyepoteana miezi sita, najua kabisa: hakunikumbuka mimi, amekumbuka treni. Basi nimeyakusanya maswali yote hapa. Mimi ni abiria tu, siajiriwi na Shirika la Reli (TRC), kwa hiyo kabla ya kusafiri thibitisha ratiba na nauli kwao wenyewe. Ratiba hasa, hiyo imeshabadilika zaidi ya mara moja.

Safari inachukua muda gani?

Ndani ya treni ni kati ya saa moja na dakika arobaini na saa mbili, kutegemea inasimama vituo vingapi. Umbali wa reli ni kilomita 192, na mwendo wa juu wa treni hizi ni kilomita 160 kwa saa. Basi likienda vizuri ni saa nne, likikuta foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze ni tano na zaidi.

Lakini hilo si swali sahihi. Swali sahihi ni: kutoka mlangoni kwako mpaka mlangoni unakokwenda ni muda gani? Hapo ndipo watu wanapigwa chenga.

Chukua mfano wangu. Ijumaa natoka kazini Kariakoo, stesheni iko karibu, treni ni ya saa 10 jioni. Saa 8 mchana niko ndani ya jengo, saa 12 jioni niko Morogoro, saa 1 kasoro nakunywa chai kwa mama. Hapo treni haina mpinzani. Jumamosi asubuhi nikianzia nyumbani Kimara, hesabu inageuka. Inabidi nirudi mjini kwanza, nikae stesheni, halafu ndiyo nianze kwenda kule kule upande niliotoka. Stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi Luis iko pua na mdomo na kwangu. Siku kama hiyo napanda basi na sioni aibu. Anayeishi Mbezi, Kibamba au Kibaha apige hesabu yake vizuri kabla ya kufuata mkumbo.

Anayeishi Gongo la Mboto, Pugu au Chanika yeye asije mjini. Pugu kuna stesheni. Angalia kwenye ratiba treni gani inasimama pale, kisha kata tiketi ya kupandia huko huko.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kizungu au ya Kiswahili?

Ya kizungu, na ya mfumo wa saa 24. Swali hili linaonekana la kitoto mpaka likukute.

Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Harusi haifungwi bila yeye. Mwaka jana kulikuwa na posa Dar, nikamkatia mjomba tiketi, nikaipiga picha ya skrini na kumtumia kwa WhatsApp: Morogoro kwenda Dar es Salaam, 09:50. Mzee akaisoma kama anavyosoma saa ya ukutani kwake: saa tisa na dakika hamsini, alasiri. Akaoga kwa raha, akala ugali na mlenda, akavaa kanzu na koti, akachukua bajaji. Saa nane na nusu mchana yuko getini anampa askari simu aione. Treni yake ilikuwa imeondoka saa tatu na dakika hamsini asubuhi, na kwa muda ule ilishafika Dar, ikapumzika.

Akanipigia. Hakuniuliza nimekosea nini. Aliniambia tu, “Kijana, hii karatasi yako inasema uongo.” Posa ikasogezwa wiki moja, na gharama za kikao cha pili nilizibeba mimi, kwa sababu ni mimi niliyetuma picha bila maelezo.

Kwa hiyo: 06:00 ni saa 12 asubuhi. 09:50 ni saa 3 na dakika 50 asubuhi. 16:00 ni saa 10 jioni. 20:20 ni saa 2 na dakika 20 usiku. Namba ikizidi 12, toa 12 kwanza, halafu ongeza au punguza sita. Ukimkatia mzazi tiketi, usimtumie picha peke yake. Mwandikie kwa maneno: “Mama, treni ni saa nne kasoro dakika kumi asubuhi” haitamsaidia mtu, ila “Mama, saa mbili asubuhi uwe umeshafika stesheni” inaeleweka mpaka kwa jirani atakayemsomea.

Tiketi nakata wapi?

Kwenye tovuti ya TRC kwa simu yako, au dirishani stesheni. Kwenye tovuti unachagua unakotoka, unakokwenda, tarehe, treni na kiti, unajaza majina na namba ya kitambulisho, kisha unapewa namba ya malipo. Unalipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa au benki, tiketi inakuja.

Mambo mawili yanawaangusha watu. La kwanza, wanapata namba ya malipo halafu wanaiweka kiporo. “Nitalipa nikitoka kuoga.” Namba ile ina muda wake, ukipita kiti kinarudi sokoni na kinachukuliwa na aliyeoga mapema. Weka salio kwanza ndipo ufungue tovuti.

La pili, unamkatia mtu mwingine lakini unajaza jina lako na namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kwa sababu ndivyo ulivyozoea. Tiketi ina jina la msafiri, na getini wanaangalia kitambulisho. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile la mtaani. Kuna shangazi mmoja ambaye ukoo mzima tunamwita Mama Zuhura, na nusu yetu hatukujua jina lake la NIDA mpaka siku ya kumkatia tiketi.

Mtu akikufuata nje ya stesheni na kukwambia anazo tiketi za treni iliyojaa, mpishe. Tiketi yenye jina la mtu mwingine itakufaa nini?

Siku gani zinajaa?

Ijumaa jioni kutoka Dar, Jumapili jioni kutoka Morogoro. Wiki za Idi, Pasaka, Krismasi na siku za kufunga na kufungua shule, kata mapema kadiri uwezavyo. Jumanne na Jumatano unaweza kuamka na wazo la safari na ukapata kiti.

Nauli ni kiasi gani?

Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024, daraja la kawaida Dar mpaka Morogoro ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, yaani 6,500. Wa chini ya miaka 4 halipi. Ukishuka kabla, kutoka Dar ni shilingi 1,000 kwa Pugu, 4,000 kwa Soga, 5,000 kwa Ruvu na 9,000 kwa Ngerengere. Anayeendelea mpaka Dodoma ni 31,000.

Madaraja ya juu na treni za haraka bei yake iko juu ya hiyo. Basi la kawaida la Dar–Morogoro ni nafuu kidogo kuliko treni, ila ukiongeza soda ya Chalinze na mahindi ya kuchoma tofauti inayeyuka.

Naweza kushukia Chalinze?

Hapana. Reli haipiti Chalinze.

Nimelijibu mara nyingi swali hili kuliko mengine yote, na naelewa linatoka wapi: kwa miaka mingi kwenda Morogoro maana yake ilikuwa kupita Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese. Hiyo ni barabara. Reli tangu mwanzo ilifuata njia yake ya kusini zaidi, na ya sasa imekaa karibu na ile ya zamani: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Anayekwenda Chalinze, Lugoba au Msata apande basi. Anayekwenda Mlandizi anaweza kushukia Ruvu na kutafuta bodaboda, lakini mimi nisingejisumbua. Wanaofaidi Ruvu ni wenye shughuli za Kwala, kwenye bandari kavu.

Na si kila treni inasimama kila stesheni. Unayeshukia Soga au Ngerengere hakikisha treni uliyochagua inasimama pale, maana hakuna kumwambia dereva “shusha”.

Nifike stesheni saa ngapi?

Ushauri unaotolewa ni saa mbili kabla. Mimi hufika saa moja na nusu kabla nikiwa na begi moja, saa mbili kamili nikiwa na watoto au mzigo.

Sababu ni kwamba huingii stesheni kama unavyoingia stendi. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine kama uwanja wa ndege, kuna foleni ya kitambulisho, kuna kukaa sebuleni mpaka mwito utoke, ndipo mnaruhusiwa kushuka jukwaani. Milango ya kupandia inafungwa kabla ya treni kuondoka. Ukifika dakika tano kabla, treni utaiona kwa macho, lakini hutaipanda.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe wa treni hii kwetu. Sisi tumelelewa na basi. Unatoka nyumbani umechelewa, unampigia konda, anakwambia “njoo, bado tunajaza.” Unafika gari linatoka getini, konda anakuona unavyokimbia na begi kichwani, anagonga bati mara mbili, dereva anapunguza, unadandia, mlango unafungwa na abiria wanacheka. Na ukilikosa kabisa, nyuma yake kuna lingine. Treni haina bati la kugonga. Saa 10 kamili ikifika inateleza kimya kimya, hata honi hausikii vizuri ukiwa ndani. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wamesimama upande wa pili wa kioo wanaitazama ikienda huku bado wameshika tiketi.

Stesheni ya Dar iko wapi?

Katikati ya jiji, jirani na stesheni ya zamani. Ni lile jengo kubwa la vioo lenye pembe pembe, lililochorwa kwa mfano wa tanzanite. Ukija kwa mabasi ya mwendokasi shukia Gerezani. Bila mzigo unatembea, ukiwa na mzigo chukua bajaji au bodaboda, na patana bei kabla hujakaa. Ukija na gari la kukodi mvua ikinyesha, ongeza nusu saa kwenye hesabu zako, kwa sababu Dar na mvua mnajuana.

Na ya Morogoro?

Nje ya katikati ya mji, upande wa Kihonda. Si ile stesheni ya zamani ya mjini. Watu wa Morogoro wenyewe wa makamo ukiwaambia “tukutane stesheni” wanakwenda kule kwa zamani. Sema “stesheni ya SGR”, yaani ya hii reli mpya, au “stesheni ya mwendokasi”, bajaji wote wanaelewa. Treni ikiingia, bajaji na bodaboda wanakuwa wamejipanga. Wa mbele mbele wanataja bei ya mgeni. Tembea hatua chache uelekee nje, bei inashuka yenyewe.

Ukiwa unaunganisha kwenda Ifakara, Turiani au Matombo, piga hesabu ya usafiri wa kwenda stendi ya mabasi ya Msamvu au kituo chako kabla ya kuchagua treni ya usiku. Kufika Morogoro saa 4 usiku halafu gari la Matombo linaondoka asubuhi ni kulipia gesti ambayo hukuipangia bajeti.

Mchongoko ndiyo nini?

Ni jina la mtaani la treni yenye pua iliyochongoka mbele na nyuma. Ile ni seti moja nzima, injini zake zimesambazwa chini ya mabehewa, haina kichwa cha kuivuta. Zilitengenezwa Korea Kusini na kampuni ya Hyundai Rotem na zilianza kubeba abiria wa Dar–Dodoma Novemba 2024. Treni nyingine ni za kichwa cha umeme kinachovuta mabehewa. Zote zinatumia njia ile ile na zote zinapita Morogoro.

Kuhusu raha ya ndani: kwa safari ya chini ya saa mbili, mtu wa Morogoro anayelipia zaidi kwa ajili ya pua ya treni anajua mwenyewe anachokitafuta. Wa Dodoma ana hoja.

Naruhusiwa kubeba nini?

Begi lako la nguo na mkoba, hakuna tatizo. Petroli, mtungi wa gesi, silaha, kitu chochote cha kulipuka, hapana, na mashine inaviona. Kuku hai nisingethubutu.

Shida huwa kwenye kurudi. Ukienda Morogoro huwezi kurudi mikono mitupu. Mama anakufungia mchele, ndizi mkungu mzima, mafenesi, machungwa, na kindoo cha maharage “ya mboga tu”. Kwenye basi vyote vinaingia buti, unamwachia utingo kitu kidogo, yameisha. Kwenye treni mzigo unaubeba mwenyewe: kutoka bajaji mpaka mashine ya ukaguzi, mpaka sebuleni, mpaka jukwaani, mpaka behewani, na juu ya kiti nafasi ni ya begi, si ya gunia. Mwaka jana nilipanda na fenesi bivu nililolifunga kwa mifuko mitatu. Harufu ya fenesi haijui mifuko. Kabla hatujafika Ngerengere behewa zima lilikuwa linajua, na bibi mmoja viti viwili mbele akageuka akauliza kwa sauti kama mwenye fenesi anauza. Tulilikata Dar, nje ya stesheni, akaondoka na nusu.

Mzigo wa biashara una utaratibu wake na malipo yake. Uliza dirishani siku moja kabla, usiende kubishana getini siku yenyewe.

Nitakula nini njiani?

Ndani wanauza maji, soda na vitafunwa, kwa bei ya ndani. Mimi nakula kabla.

Wazee wanaoijua treni ya zamani hapa huwa wanasikitika kidogo, na mimi nawaelewa. Kule treni ilikuwa ikisimama, dirisha linashushwa, na kabla magurudumu hayajatulia akina mama wako chini na masinia kichwani: ndizi mbivu, mahindi, mayai ya kuchemsha yenye pilipili na chumvi kwenye kikaratasi. Unanyoosha noti, unapokea, chenji inarushwa treni ikianza kusogea. Madirisha ya sasa hayafunguki. Stesheni ina uzio. Mama wa Ngerengere na ndizi zake yuko nje ya uzio, na sisi tunapita tukitazama simu. Anayesema kila kitu kimekuwa nafuu hakuwahi kula yale mayai.

Ni kweli kuna baridi?

Sana. Kiyoyozi hakikuulizi ulikuwa wapi. Beba sweta au kanga ya pili, hasa kwa mtoto.

Nikae upande gani nione mandhari?

Kutoka Dar, upande wa kushoto. Mwanzoni njia imeinuliwa juu ya nguzo kwa karibu kilomita mbili na nusu, kwa hiyo mtaa unauona kutoka juu: mabati yenye kutu, ndoo za maji juu ya paa, kamba za nguo, watoto wanaopunga mkono. Kisha vilima vya Pugu, mikorosho na minazi inayopungua kadiri unavyoiacha pwani, na bonde la Ruvu lenye majani marefu baada ya masika. Ukishapita Ngerengere, acha simu. Milima ya Uluguru inaanza kama wingu la bluu kushoto, halafu wingu linapata mikunjo, halafu unaona mashamba yamening'inia kwenye mteremko. Saa 11 na nusu jioni, kipindi cha Juni na Julai, jua likiwa limeinama, hata wanaoipanda kila wiki wananyamaza.

Kurudi Dar ni kulia. Treni ya usiku kaa popote. Utakachokiona ni uso wako kwenye kioo.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Treni inasimama, na mnasubiri. Haina dizeli ya akiba.

Siku za mwanzo, mwishoni mwa Julai 2024, treni ilisimama njiani na TRC ikaeleza kuwa miongoni mwa sababu ni ngedere na bundi kwenye nyaya. Nchi nzima ilicheka wiki nzima, na mpaka leo mtu akichelewa kazini anasema “ni ngedere”. Kwa wanaoujua umeme jambo lenyewe si la ajabu: waya wa juu unabeba volti 25,000, na mnyama anayegusa waya huku ameshika chuma cha nguzo anaunganisha njia ya umeme kwenda ardhini. Mitambo inajikata yenyewe ili isiungue. Mpaka mafundi wafike, wakague na kurudisha, wewe uko katikati ya pori na kiyoyozi kimezimika.

Kwa hiyo beba maji. Na kama una ndege ya kuwahi Dar, au usaili wa kazi saa 3 asubuhi, usipange kufika na treni ya mwisho kabisa inayowezekana. Panda iliyotangulia.

Hii si ndiyo reli ya Mjerumani?

Hapana, ni jirani yake. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ile ni ya upana wa mita moja na bado ipo. Ya sasa ina upana wa milimita 1,435, na jiwe la msingi la kipande cha Dar–Morogoro liliwekwa Aprili 2017, wajenzi wakiwa Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno. Behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Kwenye maeneo fulani utaziona zote mbili kwa dirisha moja, ile ya zamani imejikunja kufuata ardhi, hii imekata moja kwa moja.

Naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?

Ndiyo, na hiki ndicho kitu ambacho treni imekibadilisha kweli. Zamani kwenda kumwona mgonjwa Morogoro ilikuwa siku mbili na ruhusa ya bosi. Sasa unaondoka na treni ya alfajiri, saa mbili na nusu asubuhi uko hospitali, unakaa na mgonjwa, unakula kwa ndugu, unarudi na ya jioni. Kata tiketi zote mbili kwa pamoja. Usiende ukitegemea kupata ya kurudi kule kule, hasa Jumapili.

Ina ubaya wake pia. Mama ameshajua kuwa ninaweza kufika na kurudi siku moja. Visingizio vyangu vimeisha.

Mjamzito, mzee au mlemavu atapata shida?

Majengo yana lifti na ngazi za umeme, na wahudumu ukiwaambia mapema wanasaidia. Mzee asiyezoea ngazi ya umeme mpeleke kwenye lifti, usimfundishie pale watu wakiwa nyuma. Mama alikanyaga mara ya kwanza akaacha kiatu kimoja chini, kikapanda chenyewe baada yake.

Mabasi si yatakufa?

Ya Morogoro yamepungua abiria wa moja kwa moja, hilo mtu yeyote wa Msamvu atakwambia. Lakini treni haifiki Chalinze, haisimami Mikese, haibebi gunia la mchele, na haikusubiri. Nani atabeba hayo yote?

Unaweza kunipitishia mzigo kwa shangazi Bigwa?

Bahasha, ndiyo. Dawa, ndiyo, zikiwa kwenye pakiti yake na cheti. Kilo mbili za kitu kisicho na harufu, ndiyo. Gunia, jenereta, kuku, au “kamfuko kadogo tu” ambako hutaki kunionyesha kilichomo, hapana. Ijumaa hii nitakuwa nje ya geti la stesheni ya Dar saa nane kamili mchana, shati la bluu. Saa nane na dakika kumi nimeshaingia ndani.